Kitabu Kisichoazimwa

Makao makuu wana ugonjwa wa nyaraka. Kila mwaka lazima watushushie waraka mpya, na wa mwaka huu ulisema kitabu ambacho hakijaazimwa kwa miaka mitatu kiondolewe rafuni, kigongwe muhuri wa KIMEFUTWA na kipelekwe kiwanda cha karatasi. Eti nafasi ni finyu. Ufinyu huo waliuonea wapi, na mguu wao haujawahi kukanyaga hapa? Nililalamika kutwa nzima, kisha nikafanya nilivyoagizwa, maana mimi ni mkutubi mwenye mdomo mrefu na uti wa mgongo mfupi.

Kazi yenyewe haitaki akili. Kila kitabu kina karatasi ya tarehe iliyogundishwa ndani ya jalada la nyuma. Unafunua nyuma, unatazama tarehe ya mwisho, unagonga muhuri, unatia kwenye boksi. Mbele hufunui, wala jina la kitabu husomi. Nilikuwa na vitabu elfu nne vya kukagua na siku mbili za kuvikagua. Ijumaa lori likaondoka na maboksi kumi na tisa, nami nikanawa mikono nikaenda zangu nyumbani nimeridhika, Mungu anisamehe.

Jumanne saa nane akaingia Mama Pindo. Ni fundi cherehani, na jina hilo alipewa na mtaa kwa sababu hawezi kukuona na suruali iliyofumuka akakuacha upite hivi hivi. Aliketi kwenye meza yake ya dirishani, akavaa miwani, akatoa daftari, akangoja nimletee kitabu chake cha ufugaji wa nyuki. Nikaenda rafuni. Mahali pake palikuwa pameachwa wazi.

Nilijua kilipo kabla sijaanza kujidanganya kwamba huenda kimewekwa rafu nyingine.

Aliyekiazima mara ya mwisho alikuwa binti yake, mtoto wake wa pekee. Msichana yule alitaka kufuga nyuki, na hakuna aliyeweza kumwambia kitu. Pembeni mwa kila ukurasa aliandika kwa penseli, mwandiko mdogo wa kuunganisha, na mara mbili nilimkaripia kwa kuharibu mali ya umma. Halafu akaugua, na miezi miwili haikuisha tukamzika. Mama yake ndiye aliyekirudisha kitabu, amekifunga kwenye kipande cha kitambaa. Kusoma hakujua, lakini mwandiko wa mwanawe aliujua kama anavyoujua mshono wake mwenyewe. Aliniomba nisiufute. Nikamwambia sitaufuta, tena kama anataka nitamsomea.

"Hapana," alisema. "Maneno ya mwanangu nitayasoma mwenyewe."

Akajiandikisha darasa la watu wazima, lile tunalofanyia hapa hapa maktaba. Mwanamke wa miaka sitini na kitu, vidole vimechomwachomwa na sindano, akaanza na a, e, i, o, u pamoja na madereva na wauza mboga. Mwaka wa kwanza silabi, wa pili maneno ya chapa. Mwandiko wa mkono ukamtesa. Kila Jumanne baada ya darasa aliinamia ukurasa uleule, na wiki mbili kabla ya lori kuja alifumbua neno lake la kwanza: maji. Alinionyesha kwa kidole, akacheka mpaka watu wakageuka.

Mwanzoni alitaka kukiazima. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilimwambia, mama, usihangaike na kadi, nyumba yako inavuja, kitabu ni chako, njoo usomee hapa. Nilijiona mtu mwema kwelikweli. Karatasi ya tarehe ikabaki kama binti alivyoiacha, kwa sababu maktaba yetu huhesabu wanaotoka na kitabu, si wanaokaa nacho.

Nilipiga simu kiwandani nikiwa nyuma ya rafu. Aliyepokea alinijibu kwa adabu kwamba mzigo wa Ijumaa ulisagwa Jumatatu asubuhi, akaniuliza kama kuna tatizo.

Nikarudi mezani nikamweleza yote, na kwa mara ya kwanza sikuwataja makao makuu. Alinisikiliza huku mkono wake umelala juu ya daftari.

"Muhuri uliugonga wewe?"

"Mimi, mama."

Akaitikia kwa kichwa. Nilitamani anitukane, au alie, nipate la kufanya. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga, akaivaa tena.

"Basi nisaidie, mwanangu. Miaka mitatu umekuwa ukiniletea kitabu kile hapa, na wewe unajua kusoma. Aliandika nini?"

Nilikumbuka jinsi mistari ilivyopanda kuelekea juu, nikakumbuka mahali penseli ilipovunjika. Ningeweza kusema niliiheshimu siri yake, lakini ningekuwa mwongo. Mwanzo mwandiko ule niliuona ni uchafu, baadaye nikauzoea, na siku zote sikuwa na hamu. Ningeweza pia kumtungia jambo la mama na mwana, naye angeliamini.

"Sijui, mama," nikasema. "Sikuwahi kuyasoma."

Aliendelea kunitazama, akingoja, kama vile bado ningeweza kukumbuka.