Hasira Zilizofika Nyumbani

Pale kwenye chumba cha kufulia cha hospitali tulimwita Asali, na jina hilo tulimpa sisi wenyewe, wanawake wenzake. Mimi sisahau. Msimamizi akikuta shuka limeungua, hata kama pasi ilikuwa mkononi mwa mwingine, alimtupia yeye shuka hilo. Naye alikuwa akisema, "Samahani, bosi. Ni uzembe wangu." Tukamsifu kwa subira! Hakuna aliyeuliza yote aliyomeza yalikuwa yanakwenda wapi.

Yalikwenda nyumbani. Binti yake akidondosha kijiko tu, majirani wote walijua. Mwishowe mtoto akahamia kwa shangazi yake, na wifi mtu hakuficha: "Nitamrudisha siku utakayojua aliyekukasirisha ni nani."

Asali akaja kazini macho yamevimba. "Dada, nifanye nini nimpate mwanangu?"

Nikampa pembe mbili za shuka, nikashika mbili. Mkikunja shuka mnatazamana, na mikono yote ina kazi, hakuna wa kuziba mdomo. "Mimi ndiye bosi. Niambie umekasirika."

"Jamani, nitacheka."

Akacheka kweli. Kisha akasema amekasirika, kwa sauti ya mtu anayeomba maji. Siku nyingine akapiga ukelele hadi mama anayeendesha mashine za kufulia akauliza kama kuna nyoka.

"Hiyo ndiyo hasira ya nyumbani," nikamwambia. "Hatuitaki. Sema kilichokuuma, sema unachotaka, kisha nyamaza. Na usiombe radhi!"

Msimamizi alipomtupia shuka tena, hakuinama kuliokota. "Nimekasirika," alisema, taratibu tu. "Hili sikuliunguza mimi. Usinitupie kitu tena."

Yule bwana akaliokota shuka mwenyewe. Tulipiga vigelegele hadi mashine hazisikiki.

Tulipotoka kazini nilimsindikiza kwa wifi yake. Njia nzima aliongea kama mtu aliyetoka harusini. Binti akatoka jikoni akijifuta mikono. "Shikamoo, mama. Shikamoo, mama mdogo." Asali akamsimulia yote, kisha akamshika mabega. "Wewe hukunikosea, mwanangu. Nilikuonea. Turudi nyumbani."

"Sawa, mama."

Akaingia ndani palepale, akatoka na begi. Hakuuliza hata swali moja. Wifi akageuza uso.

Asali akalitazama lile begi. "Hujanikasirikia?"

"Hapana, mama."

"Hata kidogo? Nikasirikie basi. Nitakusikiliza, sitafanya kitu."

Mtoto alitutazama mmoja mmoja, kama tunajua jibu na tunamficha. "Nikasirike vipi, mama? Ukinionyesha, nitafanya."

Tulimsifu mama kwa kunyamaza, kumbe nyumbani kuna mtoto naye alikuwa anajifunza kumeza.

Asali akalichukua begi, akalirudisha ndani mwenyewe. "Kaa hapa kwanza. Nitakuja kesho, na kesho kutwa. Siku utakayonikasirikia hata ukakataa kuniamkia, siku hiyo ndiyo nitakuomba turudi."

"Sawa, mama," mtoto akasema.

Mpaka leo Asali anakwenda kila akitoka kazini, na binti yake humwamkia vizuri, vizuri mno.