Funguo Zenye Adabu

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya chai, Mzee Makufuli alikunja mikono ya shati, akatandika gazeti kuukuu juu ya meza ya sebuleni, akamwita shemeji yake alete kile kikopo cha mafuta ya cherehani. Funguo zilishushwa kutoka ukutani, zikafutwa vumbi, zikatiwa tone la mafuta, zikarudi kwenye kulabu zake. Kutia mafuta ilikuwa kazi ya shemeji. Kutundika ilikuwa kazi ya mzee mwenyewe, maana kutundika kunataka akili.

Jina la Makufuli hakupewa na wazazi wake. Alilipata kwa jasho. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo, na kila alipofariki mtu, wenzake walifika na machozi, yeye akafika na kufuli. Alilibandua la zamani mlangoni pa marehemu, akaweka lake jipya, kabla hata udongo wa kaburi haujakauka. "Mali isipotee," alisema, "mpaka tukae kikao." Na kikao hakikukaa. Wazee wa ukoo mnawajua: mmoja alikuwa mgonjwa, mwingine yuko safarini, wa tatu mzima kabisa ila hapendi ugomvi. Basi mali haikupotea. Ilikuwa palepale, imefungwa vizuri.

Yale makufuli ya zamani aliyapanga kwenye rafu, kwa kuwa yalikuwa mazuri na aliona hayana wa kuyatunza. Watu walikuja kuyatazama. Lakini fahari yake hasa ilikuwa ubao wa funguo za yale mapya. Mkusanyaji mshamba hufunga kikaratasi kwenye kila ufunguo, akaandika ni wa wapi, mwizi akija asisumbuke. Mzee aliwacheka watu wa namna hiyo. Yeye alipanga kwa sura: ndefu juu, fupi chini, za shaba kulia, za chuma kushoto. Upi ni wa mlango upi alijua yeye na Mungu, na Mungu hakuwahi kuulizwa.

Shemeji alikuwa mjane wa mdogo wake, fundi wa kushona nguo. Siku mzee alipofika na kufuli, yeye alikuwa ametoka nje na kikopo chake cha mafuta mkononi, akimsikiliza jirani aliyekuja kumpa pole. Aliporudi, mlango ulikuwa umeshalindwa. Cherehani ilibaki ndani, pamoja na nguo za wateja zilizokatwa na hazijashonwa. Mzee akampa chumba cha kando ya jiko, na hakuna mgeni aliyefika pale akaondoka bila kuambiwa kwamba amempa.

"Shemeji, nipe cherehani yangu tu," alisema mwanamke yule, mara nyingi. "Nyumba kaa nayo."

"Mimi ni nani niamue peke yangu? Mpaka kikao."

Basi, siku moja shemeji alipita sebuleni na sinia la vikombe, na ufunguo mmoja mfupi wa chuma, safu ya chini, ukainuka kwenye kulabu yake ukamwelekea. Alipoingia jikoni ukaugeukia ukuta wa jikoni. Alipotoka uani ukaelekea uani.

"Huo unamfuata," alisema mke wa mzee, akiendelea kuchambua mchele.

"Kulabu imelegea," alisema mzee.

Aliunyoosha kwa kidole. Ukanyooka, ukasubiri aondoe kidole, ukarudi kulekule.

Wiki haikwisha, funguo zote zikawa zimefuata mkumbo. Wa shangazi, dada yake mzee, aliyefungiwa nyumba tangu siku alipofiwa na mume, ulitazama dirishani, upande wa mtaa wa juu alikohamia kwa binti yake. Shangazi alipolazwa kwa shinikizo la damu, ufunguo ukageukia hospitali, akapona ukarudi mtaa wa juu. Majirani walizoea upesi. Mteja akimtaka fundi wa nguo, alichungulia sebuleni, akautazama ule mfupi wa chuma kama watu wanavyotazama saa ya ukutani, akasema, "Aa, yuko sokoni," akaenda zake sokoni.

Hata ufunguo wa mlango wa mbele wa nyumba ile ile ulielekea kwa mke wa mzee, ambaye ndiye aliyeijenga kwa kuuza mikate. Tangu siku hiyo mama wa watu alianza kukaa kwenye kile kiti kikubwa chenye mito, na mzee akahamia stuli.

Uliomwelekea mzee haukuwepo. Alijaribu kupita mbele ya ubao taratibu, akapita tena kwa haraka, akasimama katikati na kukohoa. Funguo zilimpuuza, kila mmoja na mtu wake.

Tusimwonee, mzee alisikitika kwelikweli. Alisikitikia mpangilio. "Miaka yote hii napanga," alimwambia mkewe, "leo ukuta umekuwa kama kichwa cha mtu aliyetoka usingizini." Halafu kulikuwa na jambo la pili, ambalo hakulisema: sasa kila mtu alijua upi ni wa nani.

Jumamosi iliyofuata shemeji aliushika ule mfupi wa chuma, akautia mafuta, akaufungulia kiganja. Ufunguo ulilala pale, ncha ikimtazama kifuani.

"Shemeji, ni huu," alisema.

"Huu nini?"

"Wa nyumba yangu."

"Ufunguo hauna mwenyewe mpaka kikao kikae."

"Basi kikae!" Sauti ilimpasuka. Hakuwa amewahi kumpazia mzee sauti. "Kikae leo! Nimechoka kuoshea watu vyombo na kazi yangu ninayo!"

Na kikao kikakaa. Hilo ndilo jambo pekee katika habari hii yote lililowashangaza watu. Mgonjwa alipona, msafiri akarudi, na asiyependa ugomvi akavaa koti. Mzee Makufuli alifungua kwa dua, akataja ajenda, nayo ilikuwa moja: utovu wa nidhamu wa funguo.

Shangazi alikuwa amekuja na mkongojo wake. Alipoketi, ufunguo wake ulijikunja kumwelekea mpaka kulabu ikalia.

"Jamani, ule pale unanionyesha mimi," alisema. "Mnauona?"

"Tunauona, dada," alijibu yule aliyekuwa mgonjwa, kwa upole mkubwa. "Tumeuona wote. Lakini hatukuitwa kwa hilo."

"Na mlango wangu?" aliuliza shemeji, amesimama karibu na pazia.

"Mlango ni suala zito, mwanangu. Haliwezi kuchomekwa mwishoni. Tuliweke kikao kijacho."

Wakajadili kwa kina. Mmoja alisema ni baridi. Mwingine alisema chuma cha siku hizi si chuma. Hatimaye waliafikiana kwa kauli moja kwamba funguo zilizokosa adabu zifungiwe, wakala, wakanawa, wakaagana. Yule msafiri alisafiri jioni ileile.

Seremala alitengeneza kabati la kioo lenye kitasa imara, likatundikwa ukutani, ubao na funguo zake ndani. Ufunguo wa kabati mzee aliuvaa shingoni kwa kamba. Na huo, kwa kuwa kabati aliliagiza na kulilipia mwenyewe kwa kiinua mgongo chake halali, ulimwelekea yeye. Ulimwelekea kwelikweli. Ulisimama kifuani ukimchoma mchana na usiku, ukamtoboa fulana mbili, na mzee aliuvumilia kwa furaha, maana mcheza kwao hutunzwa, na huu ulikuwa wa kwanza kumtunza.

Ndani ya kioo zile nyingine hazikubadilika. Shemeji akipita, ufunguo wake ulikigonga kioo, ko, ko, ko, mpaka apotee. Shemeji alianza kupitia mlango wa nyuma. Alimwambia mke wa mzee kwamba kelele ile inamuuma moyo kuliko ufunguo ulipokuwa kimya, kwa sababu zamani aliweza kujidanganya kwamba haupo.

Ikafika barua ya pongezi kutoka chama cha wapenda makufuli: kamati ingekuja kulikagua kusanyo lake, na likipendeza angepewa ngao. Mzee hakulala. Alikaa kwenye stuli akilitazama kabati lililojaa funguo zilizolala ovyo, na alfajiri akapata akili, akacheka peke yake. Ufunguo unamwelekea mwenyewe. Mwenyewe akiwa chini yake, utaning'inia wima, kama ufunguo wa mtu mstaarabu.

Seremala akaletwa tena, akatengeneza benchi refu la kukaa chini ya kabati. Watu wa ukoo wakaalikwa, kila mmoja akaonyeshwa nafasi yake chini ya kulabu yake. Shangazi alikuja kwa sababu aliahidiwa usafiri wa kwenda na kurudi. Mke wa mzee aliambiwa ahamie benchi.

"Mimi sihami," alisema, mgongo kwenye mito. "Sogeza kabati."

Likasogezwa mpaka mwisho wake ukawa juu ya kiti kile, na benchi likasogezwa pamoja nalo.

"Nisaidie leo tu, shemeji," mzee alimwambia mjane wa mdogo wake. "Kikao kijacho jina lako nitalitaja la kwanza."

Shemeji hakumwamini. Alitamani kukirushia kioo kile jiwe. Lakini alijua ukoo mzima ungemwita mwizi kabla vipande havijafagiliwa. Tena pale benchi, ufunguo ukiwa umbali wa mkono juu ya kichwa chake, ndipo alipokuwa karibu na cherehani yake kuliko siku yoyote tangu mumewe afe. Akakaa. Kikopo cha mafuta alikipakata.

Kamati ilifika, ikavua viatu, ikasimama mbele ya kabati kwa heshima. Kila ufunguo ulikuwa umenyooka, za shaba kulia, za chuma kushoto.

"Nimeona makusanyo mengi," alisema mwenyekiti, "lakini funguo zenye adabu kama hizi, sijaona." Halafu akashusha macho. "Na hawa waliokaa?"

"Hao ni familia," alisema Mzee Makufuli, akiisukuma kidogo kamba iliyomchoma kifuani. "Ukoo wangu unanipenda sana."

Kamati ikaguswa. Ngao ikatolewa kwenye mfuko wake, mpiga picha akaombwa aanze. Mzee alisimama kando ya kabati akiwa ameishika ngao kwa mikono miwili, akatabasamu, akalitupia kabati jicho la mwisho, tabasamu likakatika.

"Shemeji," alinong'ona, "sogea kushoto kidogo. Wa kwako umepinda."

Shemeji akasogea.