Asubuhi ya Wateja wa Mama Cheche

Umejitia hamnazo. Usigeuze shingo kutafuta ninayemsema, ni wewe. Umepita mbele ya duka la Mama Cheche jana, juzi, na wiki nzima iliyopita, na kila ukifika usawa wa mlango wake unakumbuka ghafla kwamba kuna ujumbe wa haraka kwenye simu. Hakuna ujumbe. Unaogopa tu macho yake yasikutane na yako.

Mimi nashona viatu ng'ambo ya barabara. Nilikaa pale kabla ya hiyo lami unayoikanyaga. Shule sikwenda sana, ila kichwa changu hakivuji. Nakumbuka maduka ya misumeno ya mnyororo na mashine za kufyekea nyasi yalivyokuwa yamejaa mji huu. Lile la sokoni siku hizi linauza makava ya simu. La darajani limekuwa mahali pa kubetia, na aliyekuwa mwenye duka ndiye mlinzi wa mlango wake. La stendi lilifungwa bila kwaheri. Asubuhi moja tulikuta kufuli, na kufuli hilo limeshaota kutu. Limebaki la Mama Cheche.

Jina hilo alipewa na wapasuaji mbao, kwa sababu ya cheche zinazomrukia akinoa minyororo, na kwa sababu ya ulimi wake. Mumewe alipofariki, watu walisema mjane atauza vyuma vyote kwa bei ya kutupa arudi kwao. Hakurudi. Alivaa ovaroli ya marehemu, akakunja mikono iliyokuwa mirefu, akaendelea.

Duka lile lina utaratibu wake. Msumeno hautoki ukiwa ndani ya boksi. Mnunuzi anapelekwa uani kwenye gogo. Mama Cheche anachanganya petroli na oili mbele ya macho yako, anauwasha, anauzima, anakupa uwashe mwenyewe. Kisha unakata kipande. Ukikosea unarudia. Kipande hicho, kinene kama mto wa kulalia, kinakuwa kigoda chako. Duka zima lina vigoda vya watu. Zamani ukitaka kukaa ilibidi usubiri mtu ainuke.

"Mama, mimi nakata miti tangu sijaota ndevu," mpasuaji mmoja aliwahi kumwambia.

"Ndiyo maana vidole havijatimia," akajibu. "Kata nione."

Na wewe pia umekikalia kigoda chako mle. Unataka nikukumbushe mwaka wa upepo mkubwa? Miti iliangukia barabara, mmoja ukalala juu ya paa la zahanati. Marehemu, wakati huo bado yu hai, alishusha misumeno yote iliyokuwa kwenye rafu, mipya, ya kuuza, akawagawia watu bila kuuliza jina. Mkewe alizunguka na galoni mkononi na tupa mfukoni, ananoa minyororo hapo hapo kwenye matope. Ulipewa msumeno. Uliurudisha umejaa mchanga, ukauacha mlangoni kwa kuwa eti una haraka. Mkeo alijifungulia kwenye zahanati ile wiki ile ile. Nilikuona ukipita na mtoto, na nilifurahi kwa ajili yako. Hilo nalo sijalisahau.

Sasa sikiliza lililotokea ulipokuwa ukiangalia simu.

Wiki iliyopita nilikuwa dukani kwake kuomba gundi. Afisa wa kampuni inayotengeneza mashine zile akampigia. Mikono ya mama ilikuwa na grisi, akaiweka simu mezani kwenye spika, ndiyo maana nilisikia yote.

"Mama, wakubwa wanataka kuwaondoa mawakala wadogo wote. Wanasema watu wananunua kwa simu na kwenye maduka makubwa. Nitafika Jumatano asubuhi. Nikikuta wateja na mashine zao, nitakuwa na la kuwaambia. Nikikuta duka tupu, nashusha kibao, na vipuri basi."

Vipuri basi. Asiye na kibao cha wakala, kampuni haimuuzii pistoni wala mnyororo, na duka la misumeno lisilo na vipuri ni stoo ya vyuma tu.

Mama Cheche aliwapigia wateja simu siku hiyo mpaka sauti ikamkauka. Majibu niliyasikia. Mtunza bustani wa shule aliapa. Seremala alisema atakuja na wenzake wote, hata wenye homa. Na wewe? "Usijali mama, tupo pamoja." Sauti yako naijua kama ninavyoijua soli ya kiatu chako.

Jumatano alifagia mpaka barabarani. Ovaroli ilipigwa pasi. Vigoda vilipangwa duara, chupa kubwa za chai zikakaa juu ya meza ya kazi, na vikombe vikapangwa kando ya jiliwa, kile chuma cha kubania mashine. Kisha akawasha msumeno mmoja, kama anavyofanya kila asubuhi ili mtaa ujue amefungua. Mlio ulizunguka kuta ukamrudia mwenyewe. Akauzima.

Nilifunika kazi yangu, nikavuka.

"Wamechelewa, jirani," akasema.

"Watu wana mambo mengi asubuhi."

"Mambo gani? Hata wewe huyaamini unayoyasema, unakunja uso kama unameza dawa."

Afisa akaingia. Kijana mpole, shati limemlowa mgongoni. Akavitazama vigoda, kimoja kimoja, kama mtu aliyealikwa karamu akakosea siku.

"Shikamoo mama. Wateja?"

"Marahaba mwanangu. Wako njiani. Kunywa chai."

Akanigeukia. "Na mzee, mashine yako ipi?"

"Mimi nina sindano."

Hakucheka. "Basi wewe si mteja."

"Ni jirani."

"Kampuni haina hesabu ya majirani, mzee wangu."

Tukakaa. Sijui kama umewahi kukaa na mtu anayesubiri watu wasiokuja. Kila kivuli kikipita mlangoni Mama Cheche alikuwa ananyanyuka nusu, kisha anajifanya alikuwa ananyoosha mgongo. Mama mmoja alichungulia, akauliza yanapouzwa makava ya simu. Akaelekezwa kwa adabu, mpaka kona ya kugeukia.

Halafu akatokea shemeji yake, mdogo wa marehemu, msumeno begani, mpya unang'aa. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile nikaona meno ya Mama Cheche.

"Nimefika, shemeji! Niliahidi, sikuahidi?"

"Uliahidi, shemeji. Karibu. Kaa, kaa, chagua kigoda."

Hata afisa alitabasamu. Nimpe haki yake: alitaka kusaidia. Akainamia mashine, akaipapasa. "Nzuri. Mpya kabisa. Umenunua lini hapa?"

"Hapa? Aa, huu nimenunua kwa simu. Unabonyeza tu, bwana, unaletewa mpaka mlangoni! Ila sijui wameniletea dude gani, unatoa moshi, haukati. Nikasema si Jumatano naenda kwa shemeji, atautazama."

Hakujua alichokifanya. Alisikia njoo na mashine, akaja na mashine. Ndiye peke yake katika mji mzima aliyetimiza ahadi, na ahadi yake ndiyo iliyomchoma shemeji yake.

Mama Cheche angeweza kumwambia rudi nao ulikoutoa. Ningekuwa mimi, ningeutupa barabarani. Lakini alikwishauona mnyororo, meno yametazama nyuma, na mkono wake haujui kuliacha kosa kama hilo lilale. Akasogeza vikombe, akaubana msumeno kwenye jiliwa.

"Hukuwa unakata, shemeji. Ulikuwa unalikuna gogo mgongo."

"We!"

"Na oili ya kuchanganya na petroli uliweka?"

"Oili ya nini tena?"

Akafungua tangi, akanusa, akaimwaga petroli yote kwenye debe. Bado kidogo injini ife. Akageuza mnyororo, akaukaza, akachanganya upya, akampeleka uani. "Washa mwenyewe. Kata nione." Shemeji akakata, akaruka kwa furaha kama mtoto.

Afisa alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani.

"Unaona, mama," akasema taratibu. "Hata shemeji yako."

"Nimeona."

"Wananunua kwa simu, wanafunga wenyewe."

"Wanafunga kinyume."

"Tutaweka video."

Hakumkejeli. Alisema kama mtu anayetaja jina la kituo kinachofuata. Kisha akaomba ngazi.

Mama Cheche aliileta mwenyewe. Akaiegemeza chini ya kibao, akaishikilia kwa mikono miwili ili kijana asianguke. Afisa alipanda hatua mbili tatu, akatazama chini, akamwona alivyoishika. Akashuka.

"Mama, nakwenda mji wa mbele. Ijumaa asubuhi narudi kwa barabara hii hii. Nikikuta watu wenye mashine za duka hili, mimi kibao hiki sijakigusa. Nikikuta kama leo, tafadhali usinishikie ngazi."

Akaondoka. Shemeji naye akaondoka, anashukuru huku anajipangusa vumbi la mbao, na mpaka sasa hajui. Kigoda alichokata alikiacha uani.

Nilibaki nikimtazama akiosha vikombe. Vyote, hata ambavyo havikuguswa na mdomo wa mtu.

"Hivyo mbona ni safi?"

"Vimekaa vikisubiri, vimeingia vumbi."

"Piga simu tena, mama. Bado kuna siku."

"Sipigi. Waliniambia tupo pamoja. Nikipiga watasema tena, na mimi nitaamini tena. Nimechoka kuwaombaomba wateja wangu mwenyewe." Akageuza kikombe kichwa chini. "Unajua jirani, tangu marehemu aondoke, jioni hakuna anayenijibu humu ndani. Mchana angalau ulikuwa na ugomvi wa wapasuaji. Nilikuwa nalala nikiwatukana moyoni, usingizi unakuja."

Leo asubuhi hakuwasha msumeno. Nilikaa na kiatu mapajani nikisubiri mlio, haukuja. Muuza makava wa sokoni alipopita, nikamuuliza kama ameona tofauti. "Afadhali," akasema, "kelele zimepungua." Mama Cheche yuko ndani, mlango wazi, amekaa kwenye kigoda ambacho si chake. Leo ni Alhamisi.

Kwa hiyo sikiliza, na usinijibu kwamba tupo pamoja. Msumeno wako uko stoo nyuma ya magunia, na ile mashine ya kufyekea nyasi umeiegemeza ukutani tangu ilipokataa kuwaka. Utoe. Usiuoshe, usiunoe, ubebe hivyo hivyo na uchafu wake. Simu unayoikodolea macho, itumie kumwita seremala, mtunza bustani na kila mpasuaji unayemjua, uwaambie kesho asubuhi waje dukani na mashine zao, na ukae kwenye simu mpaka kila mmoja aseme anatokea nyumba gani na saa ngapi. Anza na wewe. Weka chini ninachokuandikia, inuka, nenda stoo sasa hivi.