Gamba la Hilja

Barua pepe ilikuwa fupi, na Elma Kangas aliisoma akiwa amesimama, kikombe cha kahawa mkononi.

"Bi. Elma, nguo zako hazimkai Hilja wetu. Tumejaribu nyingi. Na shule inafunguliwa Jumatatu. Wako, Aurèle Pelletier, Fort Kent, Maine."

Elma akavuta kiti, akaketi. Hazimkai? Hilja alikuwa mwanasesere wake wa karatasi, aliyemchora kwa mkono wake mwenyewe kwenye kishikwambi. Tangu alipostaafu kazi ya maktaba, miaka kumi na miwili sasa, kila Ijumaa asubuhi aliweka mtandaoni ukurasa mmoja wa nguo mpya za Hilja. Anayetaka achapishe, akate, amvishe. Watu walikuwa wamemlalamikia mengi: wino unaisha upesi, viatu vidogo mno kukata, kwa nini Hilja hana paka. Lakini nguo kutomkaa, hilo halijasikika hata siku moja. Hilja alisimama vilevile miaka yote, kiuno kimeegemea upande, mkono mmoja juu ya nyonga, makusudi ili gauni la mwaka wa kwanza limkae mpaka leo.

Halafu hiyo shule inaingiaje hapo?

Jibu alikuwa nalo tayari, kwa sababu kosa aliona ni lile la kila mtu. Printa ukiiacha ijiamulie, hupunguza picha ili ienee kwenye karatasi. Mtu humchapisha Hilja mzima wiki hii, wiki ijayo nguo zinatoka zimepunguzwa, basi gauni la mtu mzima linakuwa la mtoto. Akamwandikia mzee huyo pa kubonyeza. Haikupita nusu saa, jibu likarudi.

"Bi. Elma, nimekuwa seremala miaka arobaini na moja. Nimepima kwa rula ya chuma. Urefu uko sawasawa. Panapokataa ni mbavuni."

"Mbavuni!" Elma alisema kwa sauti. "Tangu lini karatasi ikawa na mbavu?"

"Nani ana mbavu?" Ilikuwa sauti ya Taimi mlangoni, anakung'uta theluji kwenye viatu. Taimi alikuwa mke wa kaka yake Elma, nyumba ya pili kutoka pale, na kila Ijumaa alikuja na mkasi mfukoni na mkate mtamu wa iliki chini ya kwapa. Kazi waligawana hivi: Elma achore, Taimi akate. Kikunjo kikikaa vibaya, yaani vile vimasikio vya mabegani vinavyokunjwa kushika nguo, Taimi ndiye wa kusema, na alisema kwa furaha.

Elma akamsomea barua zote mbili.

"Basi umekosea, wifi," Taimi akasema, akijimiminia kahawa. "Miaka kumi na miwili naingoja siku hii."

"Sijakosea. Kata uone."

Taimi akakata koti la wiki ile, akamvisha Hilja, akamgeuza mbele na nyuma. Lilikaa kama ngozi. "Basi huyo mzee wako ana mikono ya kukatia magogo."

"Ni seremala."

"Si ndiyo hayohayo."

Lakini Elma hakucheka. Kitu kikimshika hakimwachi. Akaandika: tafadhali, nitumie picha.

Picha ilipofika, wanawake wawili wakainama juu yake mpaka vichwa vikagongana. Hilja alilazwa juu ya kitambaa cha meza. Kuanzia makwapani hadi nyongani alikuwa amezungushiwa kipande cha plastiki nyeupe, kimekatwa kwenye galoni la maziwa na kufungwa kwa utepe wa gundi. Kilikuwa kinene kiasi kwamba kikunjo cha gauni hakikuweza kuzunguka. Chini ya picha mzee alikuwa ameandika zaidi kuliko mwanzo.

Mjukuu wake Corinne ana miaka kumi na mmoja na mgongo wake unapinda. Kabla ya Krismasi madaktari walimtengenezea kitu kigumu cha plastiki cha kuushika asipinde zaidi. Anakiita gamba. Analivaa usiku na mchana, na amesema shule haendi nalo, hata abebwe. Siku zote za likizo amekuwa akimvisha Hilja magauni ya Bi. Elma moja baada ya jingine, kutafuta lipi litafunika gamba lisionekane. Alimwahidi babu yake kwamba akilipata, Jumatatu atakwenda. Amejaribu arobaini na matatu.

Taimi akaweka mkasi mezani polepole. "Maskini."

"Linafungwa wapi?" Elma akauliza.

"Nini?"

"Gamba. Mbele au nyuma? Lina vifungo au kamba? Ndani kuna kitambaa?"

"Elma Kangas, mtoto ana shida, wewe unauliza kamba!"

"Nitamchoreaje kitu nisichokijua?"

Mchana ule wakaongea kwa simu ya picha. Mzee Aurèle alikuwa mtu wa nyusi nene, hakujua simu aishike wapi, kwa hiyo kwanza waliona dari, kisha sikio lake. Corinne alikuwa nyuma, ndani ya blanketi, kidevu tu nje.

"Hujambo, mjukuu. Mimi ndiye bibi wa Hilja."

"Sijambo."

"Nataka kukuuliza mambo. Ukichoka niambie ninyamaze."

"Hatanyamaza," Taimi akadakia. "Mimi mwenyewe nimejaribu miaka hamsini."

Kidevu kikatikisika kidogo, kama kinataka kucheka. Elma akaanza. Linafungwa wapi? Nyuma, mikanda mitatu. Unajifunga mwenyewe? Babu ananifunga, anavuta kama anafunga mzigo wa mbao. Kalamu ikianguka chini unaiokotaje? Hapo Corinne akasimama, blanketi likaanguka, akaonyesha: mgongo wima kama mlango, magoti yakikunjwa, mkono ukienda chini pembeni. Alikuwa amevaa nguo za kulalia, na gamba likionekana kwa chini, kubwa, upande mmoja limetuna.

"Likigongwa linalia?"

Corinne akagonga tumboni. Ko, ko, ko.

"Ingia," akasema Taimi.

Mtoto akacheka, kisha akakumbuka kwamba amekasirika, akarudi kwenye blanketi. Babu yake alikuwa anatazama pembeni, anajikuna nyusi.

Elma aliona wazi kwamba Hilja wake wa zamani hafai. Kiuno kimeegemea upande, mkono nyongani. Mtoto huyu hawezi kusimama hivyo hata akitaka. Ingebidi achore mwili mpya, wima, ambao hata nguo moja ya zamani haitaukaa. Jambo hilo aliapa zamani kwamba hatalifanya. Akalifikiria mkate wa iliki ukiwa bado mdomoni. Kisha akafungua ukurasa mpya.

Alichora Ijumaa yote. Jumamosi Taimi akaja kumwita bafu la mvuke liko tayari, mawe yamekwisha pata moto.

"Tangulieni."

"Hujawahi kukosa bafu la Jumamosi tangu nikufahamu."

"Sasa nimekosa. Nenda, wifi, unanitia kivuli."

Jumamosi jioni akatuma. Hilja mpya alisimama wima, gamba jeupe limemshika kuanzia kwapani hadi nyongani, mikanda na vyote. Pamoja naye zilikuwa sweta pana yenye picha ya paa wa nchi za theluji kifuani, ovaroli, na gauni linaloanzia juu kabisa na kuanguka bila kushika kiuno. Zote zilipita juu ya gamba bila kutuna. Elma akalala ameridhika.

Jumapili asubuhi jibu likaja, na safari hii aliandika Corinne mwenyewe.

"Bibi Elma, sweta ni nzuri, inafunika. Lakini gamba lake halivuliki. Langu huwa navua, kwa muda wa saa mbili kila siku. Naoga, halafu nateleza kwenye theluji na skii zangu nyuma ya nyumba. Wa kwako hawezi kuoga?"

Elma akasoma, akasoma tena. Akakimbilia kishikwambi, na pale akajishika kichwa.

Kwenye kishikwambi mtu huchora kwa matabaka, kama vile karatasi zinazopitisha mwanga zikipangwa moja juu ya nyingine: mwili tabaka lake, nywele lake, nguo lake. Kishikwambi cha Elma kilikuwa kikuukuu, matabaka yakizidi kinakwama. Kwa hiyo alikuwa na mazoea: akiridhika na kitu, anayabana matabaka yawe moja, kazi inasonga mbele. Gamba na mwili alikuwa ameyabana Ijumaa jioni. Ukilifuta gamba, chini yake hakuna mtu, ni weupe wa karatasi tu.

"Nimemgandisha ndani," akamwambia Taimi, aliyekuwa amekuja kuona kama yu hai. "Miaka yote hii, kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza."

"Nililisubiri lile la vikunjo," Taimi akasema, "lakini na hili nalipokea." Kisha akamtazama usoni, akaacha utani. "Mchore tena. Leo Jumapili nzima."

"Nimchoreje? Chini ya hilo gamba sijui pakoje."

"Si umuulize? Juzi uliuliza mpaka nikaona haya mimi."

Elma akapiga simu. Mara hii dari haikuonekana. Corinne alikuwa ameishika simu mwenyewe.

"Mjukuu, nimekosea, namchora upya. Gamba litavulika. Ila niambie: likivuliwa, mgongo wake niuchore vipi? Ulionyooka, au kama wako?"

Kule nyuma babu, aliyekuwa akigongagonga mbao, akaweka nyundo chini. Taimi akamkanyaga Elma mguu chini ya meza. Elma hakuusogeza mguu. Alitaka kujua kweli, akangoja.

"Kama wangu," Corinne akasema. "Bega la kushoto liko juu. Kidogo tu, siyo sana. Ngoja." Akaiweka simu juu ya kabati, akasogea nyuma, akasimama akiwa na fulana tu, ilikuwa saa yake ya kuwa nje ya gamba. "Umeona? Na hapa kiunoni upande mmoja umeingia, mwingine haukuingia."

"Naona. Kaa hivyohivyo. Usipumue sana."

"Sasa napumua vizuri, halafu unanikataza!"

Alimchora hapohapo, mtoto amesimama Maine, yeye ameketi Michigan. Likabaki gamba lenyewe. Elma aliliwekea vikunjo mabegani kama nguo nyingine, Taimi akakata, akajaribu, akatikisa kichwa: sweta ikivaliwa juu yake, vikunjo vinapandana, vyote vinafyatuka. Wakajaribu kuvipeleka kwapani. Vikafyatuka.

"Limefungwa nyuma, siyo?" Taimi akasema, mkasi hewani. "Mikanda mitatu?"

Wakatazamana. Elma akafuta vikunjo vyote, akachora mikanda mitatu mirefu kila upande, inayozunguka mpaka mgongoni na kuchomekwa kwenye tundu, kama lile la kweli. Taimi akakata, akavuta, akachomeka. Gamba likashika. Sweta ikapita juu yake bila kikwazo. Akachomoa, likavulika. Akavisha, akavua, akavisha tena, kama mtoto aliyepewa swichi ya taa.

"Achana nalo basi, utalichana."

"Ngoja mara moja tu."

Kabla ya chakula cha jioni faili lilikuwa limefika Fort Kent. Mzee Aurèle akajibu neno moja: "Linachapishwa."

Jumatatu ilikuwa ndefu. Elma aliosha vyombo visivyo vichafu. Taimi akaja asubuhi, akaja tena saa sita, akaja saa tisa akisema amesahau mkasi, na mkasi ulikuwa mfukoni mwake. Saa kumi jioni kishikwambi kikalia.

Alikwenda, aliandika Mzee Aurèle. Alivaa sweta yangu mimi, mikono imekunjwa mara tatu. Hilja alimtia kwenye daftari la hesabu. Wakati wa chakula msichana mmoja alimgusa ubavuni, akauliza kuna nini humo. Corinne anasema hakujibu. Alimtoa Hilja, akamwekea msichana yule mbele ya sahani, akamwambia: "Mvue mwenyewe uone." Meza nzima ikamvua na kumvisha mpaka kengele. Mkanda mmoja umekatika. Anaomba gamba jingine, na anauliza kama linaweza kuwa la kijani. Kesho ataenda, nimemuuliza mara mbili.

Taimi alijipangusa macho kwa kona ya aproni, akasema ni baridi ya nje.

Elma akamwandikia Corinne: je, anaruhusu Hilja mpya awekwe mtandaoni Ijumaa, watu wote wamwone? Jibu lilikuwa na sharti moja. Aweke, lakini bega asilinyooshe.

Ijumaa akamweka, na gamba la kijani, na skii mbili. Matabaka yote aliyaacha wazi, kila moja na jina lake, ingawa kishikwambi kilikwama mara nne. Kahawa haijapoa, barua ya kwanza ikaingia, kutoka kwa mama mmoja wa Ohio aliyekuwa akimfuata tangu mwaka wa kwanza.

"Bi. Elma mpendwa, samahani kukusumbua. Naona bega la kushoto la Hilja umelikosea, liko juu."

Taimi alisoma kutoka nyuma ya bega lake, akakohoa kwa furaha. Elma akaweka kikombe chini, akaandika:

"Sikukosea. Mvalishe gamba, halafu mvue, utazame tena. Ukiwa na swali, niulize."