Baraka ya Motokari ya Kukodi

Kaka yangu Paulin hakusema uongo. Naanza na hilo kwa sababu yeye mwenyewe hulirudia kila tunapogombana: "Mi shikusema kintu, Sephora. Nilinyamaza tu." Ni kweli. Alinyamaza, huku akitabasamu na ufunguo ukizunguka kidoleni.

Motokari ilikuwa ya mzee Alimasi wa mtaa wa Hewa Bora, anayekodisha magari, hasa kwa wenye harusi. Mama alitaka kwenda Kambove kumwona mjomba Floribert, kaka yake mkubwa, ambaye alikuwa ametoka hospitali, na Paulin akaapa kwamba safari hii hatutabanana kwenye basi. Nilimsifu, sikatai. Alimasi alituzungusha motokari nzima, akatuonyesha gurudumu la akiba, akatusihi tumrudishie jioni ikiwa imeoshwa. Usukani ulikuwa kulia, kama magari mengi yanayotufikia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, ingawa kwetu tunapita upande wa kulia wa barabara; kwa hiyo Mama, aliyeketi mbele kushoto, ndiye aliyeona magari yanayokuja. Paulin alipotaka kulipita lori, Mama ndiye aliyechungulia barabara na kutoa amri: "Pita!" au "Ngoja, kuko mwingine anakuya." Tulicheka hivyo mpaka Likasi, Mama kuliko sisi wote.

Kambove ni mji mdogo. Motokari ngeni ikikata kona, watu wanatoka nje kujua imeleta nani. Mjomba alikuwa amekaa kibarazani na koti lake la baridi, mchana wa jua kali. Alipotuona akainuka bila fimbo.

"Ee! Paulin alipata motokari yake!"

Hapo neno moja lingetosha. "Ni ya location, mujomba." Angeweza kulisema hata kabla ya kuzima injini, na hakuna ambaye angemcheka, nani asiyekodi siku hizi? Paulin akazima injini, akashuka, akaanza kuifuta vumbi boneti kwa mkono wa shati lake.

Nilidhani mambo yataishia hapo. Majirani watasifu, tutakula, tutaondoka, na mjomba atalala na furaha yake. Nilisahau desturi. Katika ukoo wetu kitu kikubwa kikiingia, kiwe nyumba, cherehani au motokari, mkubwa hukipaka pemba, ule udongo mweupe wa baraka, mbele ya watu. Na mwenye kitu hajitaji, maana kujitaja ni kujivuna. Anayemtaja ni mama yake. Mkubwa anamwuliza mama, mama anajibu kwa sauti, ndipo pemba inapakwa.

Kufumba na kufumbua ua ulikuwa umejaa. Mjomba akatoka ndani na kisahani cha pemba iliyokorogwa kwa maji. Nilimsogelea Paulin. Tabasamu lilikuwa limemkauka mdomoni.

"Sema sasa," nikamnong'oneza.

"Mbele ya bantu yote hii?"

Nami nilikuwa na mdomo. Ningeweza kukohoa, kumvuta mjomba kando, kufanya lolote. Lakini nilikwisha kumwonea haya kaka yangu kabla hata hajaumbuka, na haya ile ikanifunga ulimi. Nikabaki nimeshika mkoba wa Mama kama mjinga.

Mjomba akamgeukia Mama. "Annie, mudogo wangu. We njo ulimuzaa. Motokari hii ni ya nani?"

Mama yetu ni mtu ambaye ukimwambia apokee simu yako aseme hupo, anakuletea simu. Tangu utotoni tumemfahamu hivyo, na mara nyingi tumemnunia kwa ajili hiyo. Alimtazama Paulin. Paulin alitazama viatu vyake. Mama akanitazama mimi, nami nikageuza uso. Ua wote ulikuwa ukimsubiri.

"Ni ya mutoto wangu," akasema kwa sauti. "Ya Paulin."

Vigelegele vikapigwa. Mjomba akaipaka pemba boneti na milango, akampaka Paulin kwenye paji la uso, kisha akampaka Mama. Akasema sasa hata akifa hana wasiwasi, kuna motokari ya kumpeleka kaburini kwa heshima. Watu wakacheka, wakampigia makofi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na bado nikapiga makofi pamoja nao.

Kurudi, hakuna aliyecheka. Paulin alikaa nyuma ya lori moja muda mrefu akingoja Mama amwambie apite. Mama alikuwa na rozari mkononi, macho mbele.

"Mama," Paulin akasema mwishowe, "ilikuwa bénédiction tu. Haikuharibu kintu."

"Endesha tu, papa," Mama akamjibu mwanawe.

Tuliiosha motokari kabla ya kumrudishia Alimasi. Pemba ilikuwa imekaukia kwenye vitasa vya milango, tukaikwangua kwa kucha.

Jumatano Mama alikwenda kuungama. Alirudi mapema, akakaa jikoni, akavuta beseni la lengalenga na kuanza kuchambua majani. Alisema mwenyewe, bila kuinua kichwa.

"Padri anasema niende kwanza nimwambie yaya Floribert, mukubwa wangu, ukweli, njo nirudie kwake anipe musamaha. Nikamwambia shiwezi."

"Juu ya nini, Mama?"

"Yaya atauliza, na mutoto alikuwa wapi nilipokuwa ninasema bongo, ninadanganya bantu? Atajua Paulin alisimama pale, aliacha mama yake aseme." Akatupa shina kwenye ndoo. "Shitaki amuone vile. Na Paulin, usimwambie."

Nilimwambia Paulin jioni ileile, kwa ukali, maneno mengine hayafai kuandikwa. Paulin alikaa kitandani ameshika kichwa. Akasema atampigia mjomba simu kesho yake. Kesho yake alisema mjomba bado hana nguvu, habari kama hiyo itamrudisha hospitali. Kisha akanijia na hekima mpya: atakwenda Kasumbalesa kutafuta motokari kama ile, rangi ileile, ili maneno ya Mama yawe kweli. Nilimwambia akili zake zimehamia kwenye matairi. Lakini mjomba ni mjomba wangu pia, na simu ninayo. Sijapiga.

Jumapili tulikaa benchi moja, Mama upande wa njia. Watu walipoanza kwenda kupokea komunyo, yeye, asiye na msamaha wa padri, hakusimama. Mama Nkandu, jirani yetu aliyekuwa benchi la nyuma, akamwinamia na kumwuliza kama anaumwa.

"Hapana," Mama akajibu, wazi kabisa. "Shiumwe."

Vichwa viwili vitatu vikageuka. Mama akavuta miguu pembeni, akakusanya kitenge chake ili tupate nafasi. Paulin alisimama mbele yake kidogo, kama mtu aliyesahau anakokwenda. Kisha akapita. Nami nikapita nyuma yake, uso ukiniwaka, nikafunua mikono, nikapokea. Tuliporudi, Mama akavuta miguu tena, akatupisha.