Sauti ya Punda Biju

Mimi nimechoka na punda. Nalisema mapema, mtu asije akadhani nasimulia haya kwa raha.

Miaka thelathini iliyopita, katika studio hii hii ya mtaa wa Tijuca, tulimtia sauti ya Kireno punda mdogo wa katuni aitwaye Biju. Mwenyewe alichorwa ng'ambo, macho makubwa, kope ndefu, lakini sauti ilikuwa yetu, na watoto wa Brazili nzima walilia naye pale mto ulipofurika akabaki upande wa pili akimwita mama yake. Mwaka huu wenye filamu wameitengeneza upya, safari hii bila michoro, na punda wa kweli. Picha ya kwanza ilipotoka, watu wazima wenye ndevu zao waliandika mtandaoni kwamba utoto wao umechinjwa. Kosa la yule punda lilikuwa kufanana na punda.

Hayo hayakunihusu. Kazi yangu ni kuwaelekeza waigizaji wa sauti, basi. Balaa lilinifikia lilipotangazwa jina la atakayekuwa Biju kwa Kireno: Kauane, mwimbaji wa miaka ishirini na mitatu. Mashabiki wakauliza, Zuleica yuko wapi? Kiongozi wao, Wescley, ni daktari wa meno aliyejichora tatuu ya Biju mkononi. Huyo ndiye aliyeanzisha msemo wa "bila Zuleica hatununui tiketi," ukashika moto. Kauane naye akaanza kutumiwa picha za mavi ya punda, asubuhi, mchana na jioni, na watu wanaojiita wapenzi wa filamu ya watoto.

Zuleica ndiye aliyekuwa Biju wa kwanza. Ana miaka sabini na moja, mjane, anaishi mtaa wa Vila Isabel kwenye nyumba yenye geti la kijani. Sura yake haijulikani na mtu. Jina lake halikuwahi kuandikwa kwenye bango wala mwishoni mwa filamu, maana enzi zile watu wa sauti hatukuandikwa popote. Wasambazaji wa filamu hapa Brazili walipoogopa tiketi zao kudoda, waliniambia nimpigie.

"Adauto, usinitanie," aliniambia.

"Sikutanii, dada. Na jina lako litakuwa kwenye bango."

"Herufi kubwa?"

"Kubwa."

"Basi ngoja nitafute viatu."

Alikuja amepaka rangi ya mdomo, ameshika tufaha, kama tunavyofanya sote, maana tufaha husafisha mate yasisikike kwenye maiki. Vijana wa wasambazaji walimpiga picha akiwa amesimama mbele ya maiki, wakaitupa mtandaoni hata kabla hajafungua mdomo: Biju amerudi nyumbani. Haraka haraka haina baraka, lakini nani anamsikiliza mzee siku hizi.

Tulianza na pale mtoni, kwa kuwa ndipo penye filamu yote. "Mama, mto umejaa, nivushe." Sauti ilipanda, ikafika katikati, ikakatika. Akajaribu tena. Akala tufaha, akajaribu tena. Mwishoni nilichokuwa nikikisikia hakikuwa punda mdogo. Kilikuwa sauti ya bibi anayeomba watu wamshike mkono avuke barabara.

Akavua hedifoni. "Umesikia?"

"Tupumzike, dada. Unywe maji kwanza."

"Maji hayatanirudisha nilikotoka. Mwite yule binti."

Iliniuma sana. Laiti angeniomba nimdanganye, ningemdanganya bila kusita.

Kauane alikuja kofia imemfunika macho, simu kaizima. Alimwona Zuleica amekaa kwenye kochi, akasimama pale pale mlangoni.

"Naomba baraka, Dona Zuleica."

"Mungu akubariki, mwanangu. Ingia, sing'ati. Punda ni wewe sasa."

"Mimi sikuja kukunyang'anya."

"Najua. Nimenyang'anywa na umri, huyo hana simu ya kutukaniwa."

Msichana akacheka, kisha akaanza kusema upesi upesi. "Mama yangu alikuwa anafanya kazi za ndani huko Leblon, kwa matajiri. Akitoka ananiwekea kanda ya Biju, ikiisha jirani anairudisha mwanzo. Shuleni walinicheka, wakasema mbona huyu anaongea kama punda."

Akaingia chumba cha kurekodia. Alipoita mama yake ng'ambo ya mto, niligeuka kumtazama Zuleica, kuhakikisha kwamba si yeye aliyesema. Midomo yake ilikuwa imefungwa. Sauti ile ile, kamili, imetoka kwenye koo la mtu mwingine. Zuleica aliinama kwenye maiki yangu, ile ninayosemea na chumba cha kurekodia.

"Umelia mapema, mwanangu. Mtoto anapoita mama hajui bado kwamba mama haji. Ita kama anakuja."

Kauane akaita kama mama anakuja. Fundi wangu wa sauti, ambaye hata kwenye mazishi hutafuna bigijii, aliacha kutafuna.

Kionjo cha filamu kikatoka bila jina la mtu. Kwa ile picha ya Zuleica iliyokwisha tangulia, kila mtu aliamini anayemsikia ni yeye. Wescley alijirekodi akilia. "Hii ndiyo sauti iliyonilea," alisema. "Sikilizeni wenyewe, mfikirie yule mwimbaji angetufanyia nini." Wenzake wakamrudia Kauane kwa matusi mapya: umesikia mwenyewe, jifunze kwa mkubwa wako. Wakamtukana kwa sauti yake mwenyewe.

Niliwapigia wasambazaji waseme ukweli.

"Mzee Adauto," kijana mmoja akanijibu, "watu wameshatulia. Unataka kuamsha aliyelala?"

"Na jina la msichana?"

"Ataandikwa mwishoni, na wale wa sauti ndogo ndogo. Kashalipwa, halalamiki."

Bango likapelekwa nyumbani kwa Zuleica, jina lake juu, herufi kubwa walizomwahidi. Alilibandika jikoni, juu ya jiko. Aliponipigia tulizungumza habari za dawa zake na bei ya maharagwe, bango hakuligusa, na mimi sikuthubutu.

Jumamosi alitualika mimi na Kauane tukale feijoada, maharagwe meusi yaliyopikwa na nyama. Tulipokuwa mezani pale jikoni, kelele zikasikika barabarani. Wescley alikuwa amekuja na wenzake, masikio ya punda ya karatasi kichwani, maua mkononi, wanaimba jina la Zuleica. Kauane aliposikia sauti ya Wescley aliweka kijiko chini.

Zuleica aliliangalia bango kwa muda mrefu. "Karatasi hii nimeingoja maisha yangu yote," alisema. "Naipenda. Siwezi kusema uongo." Kisha akainuka, akatoka. Nikamfuata hadi barazani.

Walimpigia makofi. Wengine walikuwa wakilia hata kabla hajafika getini.

"Ahsanteni, wanangu," alisema. "Lakini mliyemsikia si mimi. Mimi nimeshindwa. Ni yule binti mnayemtukana."

Wescley akatabasamu, tabasamu la mtu anayembembeleza mgonjwa kwenye kiti chake cha meno. "Dona Zuleica, unyenyekevu wako ndio unaotuua. Tuambie ile ya mtoni, mara moja tu."

Akawaambia. Mama, mto umejaa, nivushe. Ikakatika pale pale ilipokatika studio. Mwanamke mmoja akatoa pipi ya asali mkobani, akaipitisha getini.

"Una mafua, maskini," alisema Wescley.

"Sina mafua, mwanangu. Nina miaka sabini na moja."

"Wamekulazimisha useme hivyo. Tunawajua hawa watu."

Unamwambia nini mtu anayemkatalia mwenye sauti sauti yake? Hapo ndipo tulipoisikia ile sauti, kutoka ndani, kwenye korido yenye giza nyuma yetu.

"Mama, mto umejaa. Nivushe."

Mashabiki wa Biju nimewajua miaka mingi na sijawahi kuwaona hivyo. Walifumba macho, wote. Daktari wa meno, na masikio yake ya karatasi, alishika nondo za geti akalia kama mtoto aliyesahauliwa sokoni.

Kauane akatoka, akasimama kando ya Zuleica, bila kofia.

Wescley alimtazama. Machozi yalikuwa bado yakimshuka, hakuyafuta.

"Umeiga vizuri," alisema. "Lakini si yeye."

"Hata mimi si yeye, mwanangu," alisema Zuleica. "Biju mlikuwa naye nyinyi, mkiwa na miaka sita."

Alipokea maua kwa heshima, maana hakulelewa kukataa maua, akampa Kauane, akafunga mlango. Jikoni alipanda juu ya kiti, nikamshika asianguke, akabandua bango taratibu lisichanike, akanikabidhi.

"Kawaambie waandike lingine," alisema. "Jina la huyu."

Kisha akatuuliza kama chakula kimepoa, akawasha jiko.