Bombani Walivyoegemea Bondeni

Jumanne asubuhi, wiki tatu kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa, mwalimu mstaafu Evelina alikuwa akimenya viazi vya chai alipoona kwamba mume wake amekaa upande. Hezekia alikuwa mlangoni akinyoa ndevu mbele ya kioo kidogo, na mwili wake wote, kuanzia kwenye visigino, ulikuwa umelalia bondeni. Hakuwa ameshika kitu, na hakuanguka.

"Simama vizuri," Evelina alimwambia.

"Nimesimama vizuri. Sakafu ndiyo imekwenda."

Nyumba za kitongoji cha Bombani, pale Lushoto mjini, zimejengwa kwenye mteremko, kwa hiyo Evelina hakubisha. Walimwita Paskali, fundi mwashi. Paskali aliweka pimamaji sakafuni, akapiga magoti akaitazama, kisha akaiweka kwenye mgongo wa Hezekia.

"Sakafu iko sawa, mwalimu," alisema. "Aliyepinda ni mzee."

Alipoinuka kwenda zake, Evelina aliona kwamba na yeye amelalia bondeni.

Kufikia Ijumaa sababu ilikuwa inajulikana. Uenyekiti wa kitongoji uligombewa na watu wawili. Nassoro, aliyekuwa mwenyekiti kwa miaka kumi, alikaa juu kabisa ya mteremko. Shamsa, muuza karoti, alikaa chini karibu na mto. Bomba la watu wote lilikuwa limekauka kwa miaka mitatu, tangu maji yake yalipovutwa kwenda kwenye nyumba ya wageni ya Nassoro. Kila alipoulizwa, Nassoro alijibu kwamba fundi yuko njiani, ameshafika Mombo, huko chini ya milima. Kampeni zilipoanza, akasema ameshafika Soni, nusu ya njia. Shamsa aliahidi kitu kimoja tu, kwamba maji yatarudi. Basi aliyemtaka Shamsa alilalia bondeni, aliyemtaka Nassoro alilalia mlimani, na wachache ambao hawajaamua walitembea wima, wakitazamwa kwa mashaka.

Watu walizoea mapema. Kanisani wanakwaya walipangwa upya ili wasigongane vichwa. Vijana walitoa shikamoo wakiwa wamelala kama migomba iliyopigwa na upepo, na wazee waliitikia marahaba wakiwa hivyohivyo.

Nassoro alikaa barazani kwake akahesabu. Walioandikishwa walikuwa mia tatu na kumi na sita. Waliolalia bondeni walizidi mia mbili na arobaini, na mmoja wao alikuwa mke wake, Mwajuma, aliyekuwa anamletea chai.

"Una nini?" Nassoro aliuliza.

"Mgongo tu."

 Nassoro alikunywa chai, akavaa koti, akapita nyumba kwa nyumba kwa wale thelathini na nane waliolalia mlimani pamoja naye. Hakuwaahidi chochote. Aliwaomba tu wawahi kufika kituoni.

Siku ya kura Evelina ndiye aliyesimamia kituo, katika darasa la shule ya msingi. Wasimamizi walikuwa wameagizwa wasioneshe wanakoegemea, kwa hiyo alisimama ameubana mgongo ukutani. Alikuwa wa kwanza kupiga kura. Saa mbili kamili watu thelathini na tisa, Nassoro akiwa mbele, waliingia kwa mstari mmoja, wakapiga, wakatoka. Wengine kama thelathini wakafuata, Shamsa na Mwajuma wakiwemo. Kisha ukungu ukashuka, mvua ya rasharasha ikaanza, na lori la kabichi likapiga honi barabarani kuwaita wenye mizigo.

Shamsa alizunguka mtaani na matope yakiwa yamemfika magotini. Kila alipobisha hodi alipokelewa vizuri, na wenyeji walimlalia hata ikabidi awazuie kwa mkono wasimwangukie.

"Tuko na wewe, mama," Paskali alimwambia. "Si unaona?"

"Naona. Njoo kituoni."

"Unywe chai kwanza, umelowa."

Saa nane mchana, zikiwa zimebaki saa mbili, Evelina alimpigia simu mumewe.

"Hezekia, mbona hujaja?"

"Mvua ikipungua nitakuja. Lakini kila mtu anajua nilivyo. Hata Nassoro anajua. Kura ni nini tena zaidi ya hapo?"

"Ni karatasi," Evelina alisema. "Sanduku halina macho."

Mvua ilikatika saa kumi kasorobo. Watu zaidi ya sitini walitoka majumbani kwa pamoja, wakapanda polepole, maana kilima cha shule kiko juu na wao walikuwa wanavutwa chini. Saa kumi kamili Evelina alitazama saa ya ukutani, akaufunga mlango kama kanuni inavyotaka. Dakika nane baadaye aliwaona dirishani, Hezekia akiwa mbele na mwavuli, amevaa suti yake ya kuendea harusi za watu. Aligonga kioo taratibu. Evelina alitikisa kichwa, akageuka kuhesabu, na ilimbidi aanze upya mara mbili kwa sababu macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

Nassoro alipata kura thelathini na tisa. Shamsa alipata thelathini na tatu. Evelina alisaini fomu.

Nassoro alisimama kwenye ngazi za darasa akawashukuru wananchi kwa imani yao. Wananchi walimsikiliza kwa adabu, karibu wote wakiwa wamelala upande wa kumkimbia. Shamsa, ambaye hakuwa na wa kumwegemea, alikuwa amesimama wima katikati yao, anakamua maji kwenye kanga.

Wengine walidhani baada ya matokeo miili itanyooka. Haikunyooka. Daktari mmoja aliwapima kadhaa, akaandika kwamba ni wazima.

 Kesho yake asubuhi Evelina alimwekea mumewe ndoo mbili mlangoni. Hezekia alizibeba, akamkuta Paskali na wengine njiani, wakateremka mtoni. Kushuka kulikuwa rahisi, kwa kuwa walikuwa wameelekea hukohuko. Wakati wa kupanda na maji kichwani walipumzika kila baada ya hatua kumi. Huko juu, kwenye nyumba ya wageni, mtu alikuwa anaosha gari kwa mpira, na maji yake yalikuwa yanateremka katikati ya njia, safi kabisa. Hezekia na wenzake walisogea pembeni yapite.